Panya wa Maabara, Damu na Uzazi wa Mwanamke: Maelezo kwa Familia za Visiwani na Jamaa Zao wa Njombe na Makambako

 



Makala haya yanaeleza jambo ambalo kwa mbali linaonekana ni la maabara za nje tu: panya wanaofugwa baada ya kuzimwa jeni fulani, ili wataalamu wajue damu inatengenezwa vipi na mwanamke anapataje uzazi. Tumeona tuliandike kwa sababu yaliyojulikana kwa panya hao yamekwishafika majumbani mwetu, kwa njia ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaofanya biashara bara mpaka nyanda za juu kusini. Wengine wameoa huko au wameoza mabinti zao. Maelezo haya ni kwa wao na kwa wazee waliobaki visiwani.

Tungependa kila mzazi aelewe jambo moja: kuponya damu ya binti si sawa na kuponya mayai yake ya uzazi. Hivi ni vitu viwili, na anayevichanganya anaweza kumdhulumu binti yake au mkwewe bila ya kujua.

Panya aliyezimwa jeni ni nani?

Kila kiumbe ana maagizo ya kurithi ndani ya seli zake, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Agizo moja ndilo linaloitwa jeni. Mtaalamu akitaka kujua jeni fulani inafanya kazi gani, njia mojawapo ni kuizima katika panya kisha kutazama nini kimeharibika. Ni kama fundi umeme anayezima swichi moja ya nyumba ili ajue inawasha taa ya chumba gani.

Panya wa kwanza wa namna hii walipatikana mwaka 1989. Mwaka 2007 wataalamu watatu, Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Panya huchaguliwa kwa sababu mimba yake ni ya wiki tatu tu, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na jeni zake nyingi zina wenziwe katika mwili wa mwanadamu.

Tunaposema "aina" ya panya wa maabara, makusudio ni kizazi kizima kinachofugwa kwa pamoja kikiwa na kasoro ile ile, ili mtaalamu wa Japani na wa Uingereza wasome jambo moja na waweze kulinganisha majibu yao.

Panya mweupe aliyepona damu akabaki tasa

Kabla ya wataalamu kuweza kuzima jeni kwa makusudi, walikuwapo panya waliozaliwa na kasoro kwa maumbile. Wafugaji waliwajua kwa mabaka yao meupe. Panya aliyerithi nakala mbili mbovu, moja kwa kila mzazi, alizaliwa mweupe mwili mzima, macho meusi, na mambo mawili yasiyoonekana kwa nje: alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na alikuwa tasa. Nakala zote mbili zikiwa hazifanyi kazi kabisa, panya hufa karibu na kuzaliwa kwa kukosa damu.

Mtaalamu wa Kimarekani Elizabeth Russell, katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, alitumia miaka mingi kuwasoma panya hawa. Walipopandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa panya mzima, damu yao ilitengenea. Lakini utasa ulibaki pale pale. Uloto mpya ulitengeneza damu mpya, ila haukuleta mayai katika ovari ambazo tangu awali hazikuyapata.

Mwaka 1988 ikajulikana kwamba jeni yenye kasoro ni ile inayoitwa Kit. Kazi yake ni kuziwezesha seli kupokea amri ya kuishi, kuongezeka na kusafiri. Miongoni mwa seli zinazoihitaji zimo namna hizi tatu: seli mama za damu, seli zitakazokuwa mayai au mbegu za uzazi, na seli zinazoipa ngozi rangi. Ndiyo maana kasoro moja ilileta mambo matatu kwa pamoja.

Kuna jambo la kustaajabisha hapa kwa mwenye kuzingatia. Mtoto anapokuwa tumboni, katika wiki za mwanzo kabisa, seli za kwanza za damu huonekana kwenye kifuko kidogo kilichoshikana na kiinitete. Seli za uzazi nazo huonekana kwenye ukuta wa kifuko hicho hicho, kisha husafiri mpaka mahali ovari zitakapokuwa. Mtoto wa kike anapozaliwa huwa tayari ana mayai yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 1 na milioni 2. Akibaleghe hubakiwa na laki 3 hadi 4 hivi. Mayai yakiharibiwa, mwili hautengenezi mengine kama unavyotengeneza damu kila siku.

Kwa wanadamu, mwenye nakala moja mbovu ya jeni hii huzaliwa na mabaka meupe yasiyobadilika, mara nyingi na shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso. Kwa kawaida huyu hana upungufu wa damu wala utasa kwa sababu ya jeni hiyo. Tunalitaja hili kwa sababu mtoto kama huyo wakati mwingine huitwa mkosi au husemwa ana jini. Hayo si sahihi, na kumwita Muislamu mkosi kwa umbo alilopewa na Mola wake ni katika itikadi za shari ambazo Mtume (s.a.w.) amezikataza.

Panya wa selimundu

Selimundu hutokana na mabadiliko madogo katika jeni inayotengeneza hemoglobini, ile chembe inayobeba hewa safi ndani ya damu. Seli nyekundu hujipinda kama mundu, huvunjika mapema na kuziba mishipa. Maumivu makali, upungufu wa damu, uvimbe wa vidole kwa watoto wachanga na kiharusi ni katika madhara yake.

Panya wa kawaida hapati ugonjwa huu. Mwaka 1997 makundi mawili ya wataalamu nchini Marekani, moja la Berkeley, California na jingine la Birmingham, Alabama, yalitangaza kuwa yamepata panya wa selimundu. Walizima jeni za panya zinazotengeneza hemoglobini na kuweka za mwanadamu mwenye selimundu. Panya hao wakawa na seli zilizopinda, bandama kubwa na upungufu wa damu.

Majike wa panya hao wenye ugonjwa kamili huzaa kwa shida. Wafugaji hulazimika kutumia madume wagonjwa pamoja na majike wanaobeba jeni bila ya kuugua. Kwa wanadamu pia, mimba ya mwanamke mwenye selimundu ina khatari zaidi: maumivu huongezeka, damu hupungua, na mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Si kwamba hawezi kuzaa. Wengi huzaa salama, lakini wanahitaji kufuatwa na daktari tangu mwanzo wa mimba.

Mwaka 2011 wataalamu wa Boston walionesha kuwa ukizima jeni iitwayo BCL11A katika seli nyekundu za panya wa selimundu, panya hupona. Sababu ni kwamba jeni hiyo ndiyo inayozima hemoglobini ya utotoni, ambayo haijipindi. Ikizimwa katika mwili mzima, panya hufa akizaliwa, hivyo ilibidi izimwe mahali pamoja tu. Kutokana na elimu hiyo ilipatikana tiba ya jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023 na Marekani mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa nini Njombe na Makambako zinatofautiana na visiwani

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake kuhusu jeni ya selimundu katika Afrika Mashariki. Aliona kuwa makabila ya pwani na ya kandokando ya Ziwa Victoria yana watu wengi wanaoibeba, hata zaidi ya mmoja katika kila watu watano, ilhali wa nyanda za juu na nchi kavu ni wachache mno. Akaonesha kuwa sababu ni malaria. Mwenye nakala moja tu ya jeni hii huwa na kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo palipokuwa na malaria nyingi jeni hiyo ilibaki na kuenea.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako, umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini yake, nao uko juu ya mita 1,600. Baridi ya huko haimfai mbu, na malaria ni kidogo sana. Kwa hiyo kwa wenyeji wa asili wa nyanda hizo, jeni ya selimundu inatarajiwa kuwa adimu kuliko ilivyo kwetu pwani na visiwani.

Lakini jeni haifuati mtu anapoishi leo, inafuata walipoishi mababu zake. Unguja na Pemba nazo leo zimepunguza malaria kwa kiasi kikubwa mno, alhamdulillah, na bado watoto wenye selimundu wanazaliwa, kwa sababu mababu zetu waliishi na malaria kwa karne nyingi. Vivyo hivyo kijana wa Kipemba aliyezaliwa Makambako dukani kwa baba yake anaweza kuwa na jeni ya pwani ingawa hajawahi kuumwa malaria.

Na Makambako yenyewe si mji wa kabila moja. Ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Watu wa kila mkoa wameshuka na kukaa. Haifai basi mtu kusema, "Mchumba ni wa Njombe, hana haja ya kupimwa," wala kusema, "Huyu ni wa pwani, lazima ana sikoseli." Kipimo ndicho kinachosema.

Kuna jambo jingine kwa wanaosafiri. Baridi kali, kukosa maji mwilini na uchache wa hewa safi ni katika mambo yanayoweza kuchochea maumivu ya selimundu. Mwezi wa Juni na Julai Njombe hupata baridi kubwa ambayo mtoto wa Wete au Makunduchi hajaizoea. Mtoto mwenye ugonjwa akipelekwa huko likizo avishwe nguo nzito, soksi na kofia, anyweshwe maji mengi ingawa hasikii kiu, na asiogeshwe maji baridi. Wazazi wabebe cheti chake cha hospitali. Palipo na wagonjwa wachache wa aina hii, ni rahisi mhudumu kudhani ni baridi yabisi au homa nyingine, na karatasi moja inaweza kuokoa saa nyingi.

Binti aliyepona damu

Tiba za kuponya selimundu kabisa kwa sasa ni mbili: kupandikizwa uloto kutoka kwa mtu mwingine, hasa ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye, au tiba ya jeni tuliyoitaja. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Si habari ya mbali tena. Familia inayopata nafasi hiyo inapaswa kujua mambo mawili kuhusu binti yao.

La kwanza: kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wa zamani ili mpya upate nafasi. Katika dawa hizo imo busulfani, ambayo hutumika pia katika tiba ya jeni. Dawa hii haichagui. Hufika mpaka kwenye ovari na inaweza kuyaharibu mayai, hata binti asibaleghe bila ya msaada wa dawa, au hedhi ikatike mapema, au asipate mtoto. Si lazima itokee kwa kila mmoja, na daktari anaweza kueleza kiwango cha khatari kwa dawa na dozi atakayotumia. Kwa hiyo wazazi waulize kabla, si baada: je, dawa hii itagusa uzazi wa binti yetu, na kuna njia gani ya kuulinda? Kwa mwanamke aliyebaleghe kuna kugandisha mayai, na kwa mtoto mdogo kuna kuhifadhi kipande cha ovari, ingawa huduma hizo hazipatikani kila mahali na zina gharama.

La pili ni lile lililoonekana kwa panya wa Bar Harbor. Uloto mpya hubadilisha damu, haubadilishi mayai. Binti aliyepona selimundu bado mayai yake yote yana jeni ya selimundu, kwa sababu yametoka katika mwili wake wa asili. Kila mtoto atakayemzaa atarithi nakala moja kutoka kwake. Mumewe akiwa hana jeni hiyo, watoto wote watakuwa wabebaji tu, hawataugua. Mumewe akiwa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo haifai kusema, "Binti yetu amepona, hakuna haja ya mchumba kupimwa." Hapo ndipo haja ilipo.

Na kwa wachumba wawili ambao wote ni wazima lakini ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kupata mtoto mgonjwa, asilimia 50 kupata mbebaji, na asilimia 25 kupata asiye na jeni kabisa. Akizaliwa mgonjwa wa kwanza haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kwa kila mimba.

Maswali ya kisheria

*Je, inafaa kuwatumia panya katika majaribio?* Wanavyuoni wa zama hizi waliolizungumzia wamelijuzisha kwa haja ya kweli ya tiba, kwa sharti wanyama wasiteswe, wasinyimwe chakula na maji, na isiwe mchezo. Panya ni katika wanyama ambao sheria imeruhusu kuuliwa kwa madhara yao, lakini ruhusa hiyo si ruhusa ya kutesa. Katika hadithi iliyopokelewa na Al-Bukhari na Muslim, mwanamke aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na Mtume (s.a.w.) ameamrisha wema hata katika kuchinja.

*Je, dawa iliyojaribiwa kwa panya ni najisi au haramu?* Hapana. Dawa kujaribiwa kwa panya hakumaanishi kuwa ndani yake mna panya. Hukumu ya dawa hufuata kilichomo ndani yake.

*Je, tiba ya jeni si kubadilisha maumbile ya Allah?* Wanavyuoni hutofautisha kati ya kumrudisha mgonjwa katika hali ya uzima na kubadilisha umbo kwa matamanio. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Makka mwaka 1998 (1419 Hijria), lilijuzisha kutumia elimu ya jeni kwa kukinga na kutibu maradhi maadamu haileti madhara makubwa zaidi, na likakataza kuitumia kwa uovu na kuchezea utu wa mwanadamu. Tiba ya selimundu hugusa seli za damu tu, wala haiendi kwenye kizazi.

*Je, uloto wa kaka huleta umaharimu mpya, au huchanganya nasaba?* Wanavyuoni wamebainisha kuwa kupewa damu hakufanani na kunyonya, na hakuharamishi ndoa. Uloto unachukua hukumu hiyo hiyo kwa kuwa ni asili ya damu. Nasaba ya watoto haiguswi, kwa kuwa mayai ni ya mwanamke mwenyewe. Kinyume chake ni ovari ya mtu mwingine: Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao cha 6 kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, iliharamisha kupandikiza ovari au korodani za mtu mwingine, kwa sababu hizo huendelea kubeba sifa za kurithi za mwenyewe wa asili.

*Je, binti anaweza kuhifadhi mayai yake kabla ya tiba?* Kipande cha ovari yake kikirudishwa kwake mwenyewe hakuna kuchanganya nasaba. Kuhusu kugandisha mayai, wanavyuoni wamekhitilafiana. Waliojuzisha wameweka masharti: yai lichanganywe na mbegu ya mumewe tu, ndani ya ndoa iliyo hai, si baada ya talaka wala kifo, na uhifadhi uwe wa kuaminika usiochanganya. Masharti haya yanakwenda na uamuzi wa Majmaa katika kikao cha Amman mwaka 1986 kuhusu watoto wa kupandikizwa. Mwenye jambo hili amwendee mwanachuoni anayemwamini akiwa na maelezo ya daktari mkononi.

*Je, kupima kabla ya ndoa ni wajibu?* Si sharti la kusihi nikaha. Nikaha husihi kwa nguzo zake zinazojulikana. Lakini kupima ni katika kuchukua sababu, na serikali ina haki ya kuliamrisha kwa maslahi ya watu. Saudi Arabia ilifanya hivyo tangu mwaka 2004 kwa selimundu na thalasemia, na imewaachia wachumba wenyewe uamuzi wa kuoana au kuacha baada ya majibu. Kinachokatazwa ni kuficha. Anayejua kuwa ana jeni hiyo na akaulizwa, haimfalii kudanganya.

*Je, mume anaweza kumlaumu mke kwa mtoto mgonjwa?* Hapa tunazungumza kwa msisitizo, kwa sababu ndoa nyingi zimevunjika kwa dhulma hii. Mtoto hapati ugonjwa wa selimundu kamili kwa nakala ya upande mmoja. Amerithi kwa mama na amerithi kwa baba. Alipokuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka na mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto, Mtume alimuuliza kuhusu ngamia wake na rangi zao, mpaka yeye mwenyewe akakiri kuwa rangi ya ajabu huenda imevutwa na asili ya mbali. Hadithi hii imo katika Al-Bukhari na Muslim, na ni somo la kurithi kabla ya maabara yoyote. Na mwanamke asiyezaa baada ya tiba hakukhiari hilo. Katika Suratu Ash-Shuura, aya ya 49 na 50, Allah ametaja kuwa ni Yeye anayetoa watoto wa kike na wa kiume kwa amtakaye, na anayemjaalia amtakaye kuwa tasa. Basi nani wa kumtukana?

Ya kufanya

Wachumba wapime kabla ya posa kutangazwa, ili atakayebadili nia abadili bila ya kufedhehesha mtu. Kipimo cha haraka cha kuonesha kupinda kwa seli hakitoshi, kwa kuwa hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ulizeni kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini. Kwa walio Unguja waanze na Mnazi Mmoja. Kwa walio Njombe na Makambako waulize katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na kisipopatikana, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Andikeni majibu na muyatunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mwenye mtoto mgonjwa asimkatize kliniki. Wengi hupewa dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na haja ya kuongezwa damu. Binti anayeitumia akikaribia kuolewa au kutaka mimba azungumze na daktari kwanza, wala asiiache mwenyewe kimya kimya. Mtoto asiye na mbu kwao akisafiri kwenda penye malaria, apate kinga kwa ushauri wa daktari, kwa sababu malaria kwa mwenye ugonjwa kamili ni khatari kubwa. Kinga tuliyoieleza ni ya mbebaji, si ya mgonjwa.

Wazazi waliopewa nafasi ya kupandikiza uloto wakae kikao cha familia, pamoja na binti kama amefikia umri wa kufahamu, na suala la uzazi liwekwe mezani kama linavyowekwa suala la nauli na gharama. Wengine watachagua tiba pamoja na khatari yake, wengine watachagua kuendelea na dawa. Yote mawili yana uso katika sheria maadamu yamefanywa kwa elimu, ushauri na istikhara.

Na maimamu wetu, wa visiwani na wa misikiti ya bara, wanaweza kulitaja jambo hili katika khutba za ndoa kwa maneno machache: pimeni, semeni kweli, msilaumiane.

Allah alimruzuku Zakariya (a.s.) mtoto baada ya uzee na mkewe kuwa tasa, na katika Suratu Maryam kisa hicho kinasomwa mpaka leo. Tunamuomba awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na awaruzuku kizazi chema wanaokingoja. Wallaahu a'lam.